Maana ya neno "maisha" mbele ya juri: hukumu ya kifo na kufunguliwa kwa masharti nchini Marekani, 1972–2023

Katika mahakama za Kongo, ambazo utaratibu wake ulirithiwa kutoka kwa Wabelgiji, hakuna juri. Hatia na adhabu vyote viwili viko mikononi mwa mahakimu. Katika nchi za mashariki zilizotawaliwa na Waingereza walikuwapo wazee wa baraza, lakini hao walitoa maoni tu, na hakimu hakulazimika kuyafuata. Juri la Marekani ni jambo jingine. Ni raia wa kawaida, kwa desturi kumi na wawili, wasio na elimu ya sheria, wanaofungiwa chumbani peke yao na kutoka na neno moja ambalo laweza kumwua mtu. Wanachokijua juu ya sheria ni kile walichoambiwa na hakimu kabla ya kuingia chumba hicho. Kwa hiyo maneno ya hakimu, na hata kunyamaza kwake, yana uzito ambao msomaji aliyezoea mahakama za kwetu hawezi kuukisia kwa urahisi.

Tarehe 29 Juni 1972, katika kesi ya Furman dhidi ya Georgia, Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha hukumu za kifo kama zilivyokuwa zikitolewa wakati ule, kwa kura 5 dhidi ya 4. Majimbo mengi yalitunga sheria mpya, na tarehe 2 Julai 1976 mahakama hiyo ikakubali baadhi yake. Tangu hapo kesi ya kifo huwa na sehemu mbili: kwanza juri huamua kama mshtakiwa ana hatia, kisha husikiliza ushahidi mwingine kabla ya adhabu kuchaguliwa. Katika sehemu hii ya pili swali moja lilizidi kupata nguvu: je, mtu huyu atakuwa hatari siku za mbele? Huko Texas sheria yenyewe ilimtaka mwanajuri alijibu swali hilo. Kwingineko waendesha mashtaka walilileta wenyewe, maana walijua kwamba hofu ni hoja isiyohitaji ufasaha mwingi.

Hofu hiyo ilikuwa na mwenzake, nao ni ujinga wa maana ya kifungo cha maisha. Kwa miongo mingi mahakama za Marekani zilifuata kanuni ya kale: juri lisiambiwe habari ya kufunguliwa kwa masharti, yaani ile ruhusa ambayo tume ya magereza humpa mfungwa kutoka kabla ya muda wake kwisha. Kutoa adhabu, ilisemwa, ni kazi ya juri na hakimu. Kumfungua mfungwa ni kazi ya serikali. Mmoja asiingilie shamba la mwingine. Inafaa kukumbuka, kwa kuwa mara nyingi husahauliwa, kwamba kanuni hiyo ilimlinda mshtakiwa. Katika nyakati ambapo mfungwa wa maisha aliweza kutoka baada ya miaka isiyo mingi, mwanajuri aliyeambiwa jambo hilo angechagua kifo kwa kuogopa kumwona mwuaji barabarani. Kunyamaza kulikuwa rehema. Lakini sheria zilibadilika. Jimbo moja baada ya jingine lilifuta au kupunguza kufunguliwa kwa masharti, na kifungo cha maisha kikaanza kuwa cha maisha kweli. Kanuni ya kunyamaza ikabaki palepale, na ngao ya mshtakiwa ikageuka kuwa mkuki uliomwelekea yeye.

Kesi ya kwanza kubwa ilikwenda upande wa majimbo. Huko California sheria ilimwagiza hakimu alieleze juri kwamba gavana ana uwezo wa kupunguza kifungo cha maisha kisicho na kufunguliwa, hata mfungwa akaja kutoka. Hakuagizwa kusema kwamba gavana huyo huyo anaweza kupunguza pia hukumu ya kifo. Mwaka wa 1983, katika kesi ya California dhidi ya Ramos, Mahakama ya Juu iliona maelezo hayo hayavunji Katiba ya nchi, kwa kura 5 dhidi ya 4. Mwaka uliofuata mahakama kuu ya California yenyewe iliyakataa kwa kutumia katiba ya jimbo. Kwa hiyo iliruhusiwa kuliambia juri jambo la kulitia hofu. Kama ililazimu pia kuliambia jambo la kuiondoa, hilo halikujibiwa bado.

Jibu lilitoka Carolina ya Kusini. Mwezi wa Julai 1990, katika mji wa Columbia, mwanamke mzee aliuawa nyumbani mwake kwa kupigwa. Mshtakiwa, Jonathan Dale Simmons, alikuwa amewashambulia wanawake wazee wengine wawili, na kabla ya kesi ya kifo alikiri makosa hayo. Kukiri huko kulikuwa na matokeo ambayo juri halikuambiwa: kwa mujibu wa sheria ya jimbo, mtu mwenye hatia za namna hiyo hakuweza tena kufunguliwa kwa masharti. Kama asingeuawa, angekufa gerezani. Hata hivyo hakimu aliwakataza mawakili wote kutaja kufunguliwa, tangu siku ya kuwachagua wanajuri.

Ubishi wa adhabu ulikuwa wa ajabu kidogo. Mashahidi wa pande zote mbili walikubali kwamba Simmons ni hatari kwa wanawake wazee. Wakili wake akajibu kwamba gerezani hakuna wanawake wazee. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu kwa sharti moja tu, kwamba mtu huyo hatatoka humo; na sharti hilo ndilo lililokatazwa kusemwa. Mwendesha mashtaka kwa upande wake aliliomba juri lifikirie jinsi ya kufanya na mtu huyo aliye kati yao, na akaueleza uamuzi wa kifo kuwa ni tendo la jamii kujilinda. Wakili alileta pia uchunguzi wa maoni uliofanywa katika jimbo hilo: waliodhani kwamba mfungwa wa maisha hukaa gerezani mpaka kufa hawakufikia hata mmoja katika kumi, na karibu nusu walidhani hutoka ndani ya miaka 20. Hakimu hakubadili msimamo wake.

Juri liliingia chumbani. Baada ya dakika 90 lilituma karatasi yenye swali: je, kifungo cha maisha kina uwezekano wa kufunguliwa kwa masharti? Jibu sahihi lilikuwa neno moja, la. Hakimu aliwaambia wasifikirie kabisa jambo la kufunguliwa, kwamba halikuwa jambo lao, na kwamba maneno "kifungo cha maisha" na "hukumu ya kifo" yafahamike kwa maana yake iliyo wazi na ya kawaida. Baada ya dakika 25 wanajuri walirudi na hukumu ya kifo.

Hapa yafaa kusimama, maana jambo lenyewe ni la lugha kama lilivyo la sheria. Maana ya kawaida ya neno ni ile waliyo nayo wasemaji wake. Uchunguzi uliokuwa mezani mwa hakimu ulionyesha kwamba kwa wasemaji wa Carolina ya Kusini "maisha" yalikuwa na maana ya miaka kadhaa. Kuwaelekeza wanajuri kwenye maana ya kawaida kulikuwa, basi, kuwaelekeza kwenye kosa. Isitoshe, mtu anayeuliza swali na kuambiwa asilifikirie hatoki mikono mitupu. Hutoka akidhani kwamba jibu lipo na linafichwa, na kwa kuwa linafichwa ni baya.

Mahakama kuu ya jimbo iliithibitisha hukumu. Lakini tarehe 17 Juni 1994 Mahakama ya Juu ya Marekani iliibatilisha, mahakimu 7 wakikubali na 2 wakikataa. Harry Blackmun aliandika kwa niaba ya mahakimu wanne. Miezi minne nyuma, katika kesi nyingine, huyo huyo alikuwa ametangaza kwamba hatashiriki tena katika kuunga mkono hukumu ya kifo, na mwaka huo huo alistaafu. Msingi wa hoja yake ulitoka katika kesi mbili za nyuma. Ya mwaka wa 1977, Gardner dhidi ya Florida, ilisema mtu asihukumiwe kifo kwa habari ambayo hakupewa nafasi ya kuikana wala kuieleza. Ya mwaka wa 1986, Skipper, iliyotoka Carolina ya Kusini hiyo hiyo, ilimruhusu mshtakiwa kuonyesha mwenendo wake mwema gerezani. Serikali inayoliambia juri kwamba mtu ni hatari, alisema Blackmun, haiwezi kulificha kwamba mtu huyo hatatoka kamwe. Alitaja pia kwamba kati ya majimbo yenye kifungo cha maisha kisicho na kufunguliwa ni Carolina ya Kusini, Pennsylvania na Virginia tu yaliyowaficha wanajuri habari hiyo.

Sandra Day O'Connor, pamoja na mahakimu wengine wawili, alikubali matokeo lakini akayawekea mipaka: haki hiyo ipo pale tu ambapo mwendesha mashtaka amedai hatari ya baadaye, na pale ambapo sheria haiachi adhabu nyingine badala ya kifo ila maisha yasiyo na kufunguliwa. Antonin Scalia, pamoja na Clarence Thomas, alipinga. Kwake hilo lilikuwa jambo la majimbo, na uamuzi ule aliuona kuwa uwanja mwingine wa vita vya msituni vinavyopiganwa na wapinzani wa hukumu ya kifo. Hoja yake ya kwanza si ya kudharauliwa, kwani Katiba haisemi lolote juu ya jambo hili. Ya pili ni hasira tu.

Mipaka ya O'Connor ndiyo iliyozaa kesi zilizofuata. Joseph O'Dell alikuwa amehukumiwa kifo huko Virginia katika miaka ya 1980, na juri lake pia halikuambiwa kwamba hawezi kufunguliwa. Tarehe 19 Juni 1997 Mahakama ya Juu ilimjibu, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba kanuni ya Simmons ni mpya na haimrudii mtu ambaye kesi yake ilikuwa imekwisha thibitishwa kabla yake. Aliuawa tarehe 23 Julai mwaka huo. Nchini Italia watu wengi walikuwa wamemtetea, na alizikwa Palermo, mbali sana na jimbo lililomhukumu.

Kesi ya Bobby Lee Ramdass, pia ya Virginia, yashangaza zaidi. Sheria ya jimbo ilimnyima kufunguliwa mtu mwenye hatia tatu za unyang'anyi wa silaha. Ramdass alikuwa amekwisha kuonwa na hatia na juri katika mojawapo ya makosa hayo, lakini hakimu wa kesi hiyo hakuwa bado ameiandika hukumu katika daftari, kazi iliyofanyika chini ya mwezi mmoja baada ya uamuzi wa kifo. Wanajuri wa kesi ya kifo waliuliza swali lile lile la Columbia, nao waliambiwa wasijishughulishe na yatakayotokea baadaye. Mwaka wa 2000, kwa kura 5 dhidi ya 4, Mahakama ya Juu ilisema kwamba siku ile Ramdass alikuwa bado hajafungiwa mlango wa kufunguliwa. Aliuawa tarehe 10 Oktoba 2000 kwa sababu, kwa sehemu, ya wino ambao haukuwahi kufika katika karatasi. Virginia ilikuwa imefuta kufunguliwa kwa masharti kwa makosa yaliyotendwa tangu mwanzo wa mwaka wa 1995. Hukumu ya kifo yenyewe iliifuta mwaka wa 2021.

Carolina ya Kusini iliendelea kutafuta njia za pembeni na ikashindwa mara mbili. Katika kesi ya Shafer, mwaka wa 2001, ilidai kwamba sheria yake mpya ilikuwa na adhabu ya tatu. Ikajibiwa kwamba juri likikwisha kuona sababu ya kuzidisha kosa, adhabu hiyo ya tatu haimo tena. Katika kesi ya Kelly, mwaka wa 2002, ilidai kwamba mwendesha mashtaka hakutamka neno la hatari ya baadaye. Alikuwa amemwita mshtakiwa mchinjaji. Huko Texas, ambako mfungwa wa maisha aliweza kuomba kufunguliwa baada ya miaka 35 au 40, kanuni ya Simmons haikuingia kabisa, ingawa mwaka wa 1997 hakimu John Paul Stevens alieleza mashaka yake juu ya kunyamaza huko. Kifungo cha maisha kisicho na kufunguliwa kilianza kwa makosa ya tangu Septemba 2005.

Arizona ilidumu katika ukaidi kuliko wote. Jimbo hilo lilifuta kufunguliwa kwa masharti kwa makosa yaliyotendwa tangu mwaka wa 1994, lakini vitabu vyake vya sheria viliendelea kutaja kifungo cha maisha chenye uwezekano wa kutoka baada ya miaka 25. Uwezekano huo ulikuwa huruma ya gavana tu. Mahakama za jimbo zilisema hiyo yatosha, kwa hiyo Simmons haihusu Arizona. Tarehe 31 Mei 2016, katika kesi ya Lynch, Mahakama ya Juu iliikanusha hoja hiyo bila hata kuwasikiliza mawakili.

John Montenegro Cruz, aliyehukumiwa kifo na juri mwaka wa 2005 kwa kumwua askari polisi huko Tucson, aliomba sasa afaidike na uamuzi huo. Mwenyekiti wa juri lake alikuwa ametoa tamko baada ya hukumu, akieleza kwamba hawakupewa nafasi ya kuchagua maisha yasiyo na kufunguliwa. Kanuni ya Arizona iliruhusu kesi ifunguliwe upya sheria inapobadilika sana. Mahakama kuu ya jimbo ikasema kwamba Lynch haikubadili sheria. Ilibadili tu namna ya kuitumia. Kwa maneno mengine, sheria ilikuwapo tangu 1994, jimbo lilikataa kuifuata, na kwa sababu ilikuwapo siku zote mtu huyo hana jipya la kudai. Tarehe 22 Februari 2023 Mahakama ya Juu ilikataa hoja hiyo, kwa kura 5 dhidi ya 4, na Sonia Sotomayor ndiye aliyeandika. Kesi ilirudishwa Arizona, miaka 29 baada ya ile karatasi ya Columbia kupata jibu.