Sampuli Nasibu si Sampuli ya Ovyoovyo

Katika tafsiri nyingi za ripoti za utafiti tumekuta sampuli ikielezwa kuwa ilichaguliwa "ovyoovyo" au "bila mpangilio wowote". Tafsiri hizi zapotosha, kwani uteuzi nasibu uliingizwa katika takwimu ili kuuondoa uovyo huo.

Mwaka 1895 A. N. Kiær, mkuu wa ofisi ya takwimu ya Norway, aliwaeleza wanatakwimu wenzake mjini Bern kwamba sehemu ya watu, ikiteuliwa vyema, yaweza kuwakilisha taifa zima. Wengi walimpinga. Hata hivyo, Kiær hakutegemea sana bahati: alizichagua sehemu zake kwa makusudi, akitafuta zifananazo na nchi nzima. Jerzy Neyman ndiye aliyebainisha, mwaka 1934, udhaifu wa njia hiyo. Makusudi ya mteuzi, hata awe mwadilifu, huingiza upendeleo usioweza kupimwa. Bali kosa litokanalo na uteuzi nasibu lapimika.

Na uteuzi huo hautoki kichwani mwa mtu. Mtu akiambiwa ataje tarakimu zozote, atazipendelea baadhi bila kujijua. Kwa sababu hiyo L. H. C. Tippett alichapisha mwaka 1927 jedwali la tarakimu nasibu 41,600, alizozitoa katika taarifa za sensa.

Mfano tuupendao zaidi ni wa Bengal, India. Kuanzia mwaka 1937, P. C. Mahalanobis, mwanzilishi wa Taasisi ya Takwimu ya India, aliongoza upimaji wa mashamba ya juti, mmea utengenezewao magunia. Mashamba yalikuwa mengi mno kuhesabiwa yote kwa uangalifu. Lakini shaka kubwa zaidi ilikuwa juu ya wahesabuji wenyewe: utamjuaje aliyefika shambani na aliyejaza fomu kivulini? Mahalanobis aliteua kwa eneo lile lile sampuli mbili au zaidi, kila moja kwa nasibu na kwa kanuni ile ile, kisha akazikabidhi kwa makundi mbalimbali ya wahesabuji. Matokeo yalipohitilafiana kupita kiasi kiwezacho kuletwa na bahati, ilijulikana kuwa kazi ya shambani ina kasoro. Kwa hiyo utafiti ulijikagua wenyewe. Njia hiyo ilitumiwa pia katika uchunguzi wa sampuli wa taifa zima la India, ulioanza mwaka 1950.

Sampuli hizo za ndani twaziiteje? "Kijisampuli" chadunisha, nacho chadokeza udogo tu, hali jambo la msingi ni kwamba kila moja yaweza kusimama peke yake. Sisi tungependelea "sampuli tanzu nasibu", kwa kuwa "tanzu" limekwisha kuzoeleka katika "kampuni tanzu".

Wako wanaolikataa neno "nasibu" wakisema lamkumbusha msomaji tiketi za bahati nasibu. Kwetu sisi hiyo ndiyo sifa yake. ("Kura" nalo lingefaa, lau uchaguzi wa wabunge usingekwisha kulichukua.) Katika bahati nasibu ya haki tiketi zote huhesabiwa, hakuna iachwayo nje, pipa huzungushwa mbele ya mashahidi, na kila tiketi ina nafasi ijulikanayo kabla mkono haujaingizwa. Tiketi ya mchezo uendeshwao "bila mpangilio wowote" hata mfasiri mwenyewe hangeinunua.