Jeevanjee Kabla ya Bustani

Saa saba mchana Bustani ya Jeevanjee, katikati ya Nairobi, haina benchi tupu. Mhubiri anakemea mapepo upande huu, mpiga picha anasaka wateja upande ule, na chini ya mti watu wa Bunge la Mwananchi, baraza la mijadala ya raia wa kawaida, wanabishana kuhusu bei ya unga. Muulize mpita njia Jeevanjee ni nani. Huenda akakuonyesha geti.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, katika jamii ya Mabohora. Alifanya biashara Adelaide, Australia, kabla ya kutia nanga Mombasa mnamo 1890. Miaka sita baadaye Waingereza walianza kujenga reli ya kwenda Uganda, na reli ndiyo iliyomtajirisha. Alileta makuli kutoka India, akawalisha, akapata kandarasi za kujenga vituo na majengo ya serikali. Vibarua wa Kihindi wapatao 32,000 waliitumikia reli hiyo na takribani 2,500 wakaacha mifupa njiani, jambo ambalo wasifu wa matajiri hulipita haraka.

Mwaka 1899 reli ilifika kwenye kinamasi ambacho Wamaasai walikiita mahali pa maji baridi. Mji wa Nairobi ulipochipuka pale, Jeevanjee alikuwepo na fedha mkononi. Alinunua viwanja, akajenga nyumba za kupangisha na soko lililobeba jina lake. Huko Mombasa, mwaka 1901, alikuwa ameanzisha gazeti la African Standard, akaajiri mhariri Mzungu. Aliliuza mwaka 1905. Wamiliki wapya waliligeuza kuwa East African Standard, likawa sauti ya walowezi na kuwashambulia Wahindi waliodai haki. Mwanzilishi wake sasa alisimangwa kwa mtambo wake mwenyewe.

Maana wakati huo Jeevanjee alikwisha kuingia kwenye ugomvi wa ardhi. Serikali iliwatengea Wazungu nyanda za juu, na Mhindi, hata awe na fedha za kununua mlima, hakuruhusiwa kupewa shamba huko. Mwaka 1909 aliteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, mtu wa kwanza asiye Mzungu kuketi humo. Kiti kimoja kati ya walowezi kilikuwa cha kusikiliza zaidi kuliko kuamua. Mwaka uliofuata alikwenda London kulalamika magazetini, na mwaka 1914 akawa rais wa mkutano wa kwanza wa East African Indian National Congress, mjini Mombasa.

Sioni sababu ya kumpaka mafuta. Huko London alipendekeza nchi hii iunganishwe na Dola ya India, itawaliwe kwa sheria za India. Mkikuyu na Mmaasai, ambao ardhi ilikuwa yao kabla ya wote, hawakuulizwa. Jeevanjee alidai usawa mezani. Hakuuliza meza imepatikanaje.

Hata bustani yenyewe ina utata huo. Aliitoa kwa umma mwaka 1906, na humo akasimamisha sanamu ya Malkia Victoria, iliyozinduliwa na Duke wa Connaught. Alikuwa akiamini kwamba dola ile, ikikumbushwa ahadi zake kwa adabu, ingezitimiza. Alifariki mwaka 1936, nyanda za juu zikiwa bado za Wazungu.

Mwaka 1991 ulipotokea mpango wa kujenga maduka na maegesho ya magari mahali pa bustani, Zarina Patel, mjukuu wake, aliongoza upinzani, naye Wangari Maathai akauunga mkono. Mpango ukafa. Sanamu ya Malkia haikuwa na bahati hiyo: mwaka 2015 iliangushwa na kukatwa kichwa. Ya Jeevanjee, ya kichwa na mabega tu, imo humo humo bustanini.