Fido ya Makerere na seva yangu ya Kakontwe

Bandugu, siku ingine nilisema kwamba watu wa Fido walitupita akili, na wengine mlicheka. Basi nieleze.

Fidonet ilianzishwa na Tom Jennings kule San Francisco mwaka 1984. Ilikuwa rezo ya watu wanaopenda ordinatere tu, si ya serikali wala kampuni. Barua zilingoja mchana kutwa. Usiku, saa simu ziko bei rahisi, mashini moja inapigia ingine kwa modemu, zinabadilishana furushi, zinakata. Afrika ilipewa zoni ya 5. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Charles Musisi aliendesha kituo cha namna ile Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Nairobi walikuwa nacho pia, na GreenNet ya London ndiyo iliyopiga, sababu simu ya kutoka Ulaya ilikuwa rahisi kuliko ya huku. Sisi ile wakati tulikuwa Zaire, na habari zilipita kwa foni, ile redio ambayo mtaa muzima unasikia siri yako.

Mimi, 2018, nilifunga rezo ya Wi-Fi hapa Kakontwe, nyumba sita, na seva ya barua juu ya ordinatere nzee: Debian na Postfix. Tarehe 31 Desemba, siku moja kisha uchaguzi, intaneti ikakatwa inchi muzima, SMS pia. Rezo yetu ikaendelea. Tulijivuna kabisa!

Tarehe 2 Januari rafiki yangu akatuma dosie yake ya buruse, mwisho tarehe 25. Nikamwambia usiogope, itangoja kwenye foleni, intaneti ikirudi itatoka yenyewe. Akaenda Kambove kwa mama yake.

Intaneti ilirudi kisha karibu wiki tatu. Nikaangalia foleni: hakuna kitu. Nikampigia: imekwenda.

Haikuenda. Postfix, ukiiacha vile ilivyokuja, inashika barua siku 5 tu, kisha inairudisha kwa mwenye kuituma. Tangu tarehe 7 barua ilikuwa imelala ndani ya boksi yake mwenyewe, na yeye hakuwa hapa. Watu wa Fido walijua kwamba laini haiko siku zote, wakajenga juu ya kungoja. Mimi nilijenga kama vile niko Brussels.

Mstari wa kubadilisha ni moja, maximal_queue_lifetime. Niliandika 30d siku ile aliporudi kutoka Kambove, tarehe 28.