Mkopo wa korona ulisamehewa, kodi je? Jinsi majimbo ya Marekani yalivyovutana

Mwanzoni mwa 2021, wenye biashara ndogo nchini Marekani walikuwa na swali moja kwa wahasibu wao: ile hela ya serikali ya wakati wa korona, inalipiwa kodi au hailipiwi?

Serikali kuu ilishasema hapana. Lakini huko majimbo mengi hutoza kodi yake ya mapato, kando na ile ya taifa, na wabunge wa majimbo kadhaa walikuwa bado wanabishana.

Hela yenyewe ilitoka wapi

Machi 27, 2020, Rais Donald Trump alitia saini sheria ya CARES. Ndani yake kulikuwa na mpango wa kulinda mishahara, maarufu kama PPP. Mwenye saluni au mgahawa alikopa kupitia benki kwa riba ya asilimia 1. Akizitumia fedha inavyotakiwa, hasa kulipa mishahara, na kiasi kingine kwa pango na bili, mkopo unafutwa. Yaani ulikuwa mkopo kwa jina, ruzuku kwa vitendo.

Fungu la kwanza la dola bilioni 349 liliisha ndani ya wiki mbili. Hadi mpango unafungwa Mei 2021, mikopo ilikuwa imefikia takriban dola bilioni 800.

Tatizo lilianzia wapi

Kwa kawaida, deni likisamehewa Marekani huhesabiwa kuwa mapato na hutozwa kodi. CARES ilisema deni la PPP lisihesabiwe hivyo. Ila ilikaa kimya kuhusu gharama zilizolipwa kwa hela hiyo hiyo.

Aprili 30, 2020, mamlaka ya mapato ya taifa, IRS, ikatangaza kwamba gharama hizo haziruhusiwi kupunguza faida inayotozwa kodi. Wabunge wengi wakaja juu: hilo siyo kusudio letu! Desemba 27, 2020 sheria mpya ikatengua msimamo huo. Mkopo hautozwi, na gharama zinatolewa kama kawaida.

Sasa njoo kwenye majimbo. Yapo yanayofuata sheria ya kodi ya taifa papo hapo, kila inapobadilika. Mengine hufuata sheria ilivyokuwa tarehe fulani, mpaka bunge la jimbo lipige kura kuisogeza tarehe hiyo. Haya ya pili ndiyo yaliyobaki njia panda.

Piga hesabu uone

Chukua mgahawa wa mfano. Mauzo ya mwaka ni dola 100,000. Gharama zote ni dola 120,000, na kati ya hizo dola 40,000 ni mishahara iliyolipwa kwa PPP.

Kwa sheria ya taifa, mgahawa una hasara ya dola 20,000, hivyo haudaiwi kitu. Jimbo likihesabu mkopo kuwa mapato, hasara inageuka faida ya dola 20,000. Likikataa gharama za dola 40,000, jibu ni lile lile: faida ya dola 20,000. Kwa kodi ya asilimia 5, mwenye mgahawa anadaiwa dola 1,000.

Kila upande uliona haki yake kwenye hesabu hiyo. Waliotaka kodi ifutwe walisema hela ilishaenda kwa wafanyakazi, haipo tena, na huwezi kumsaidia mtu kwa mkono mmoja ukamdai kwa mwingine. Waliopinga walisema hii ni faida mara mbili: mgahawa ule umemaliza mwaka na dola 20,000 mkononi, lakini kwenye karatasi unaonyesha hasara. Tena wakauliza, kampuni iliyopata mamilioni na biashara yake haikuyumba inastahili nini zaidi?

Swali hilo la mwisho lilikuwa zito kuliko yote, na ndilo lililozaa viwango vya ukomo.

Majimbo yaliamua nini

Wisconsin ilimaliza mapema. Gavana Tony Evers alitia saini msamaha kamili Februari 2021. Virginia ilikata katikati: gharama zinatolewa, mwisho dola 100,000. Rhode Island ikaamua kutoza sehemu ya msamaha inayozidi dola 250,000, baada ya Gavana Dan McKee kupendekeza mstari wa dola 150,000.

California ilichelewa kwa sababu nyingine kabisa. Machi 2021 Rais Joe Biden alisaini sheria ya msaada mpya iliyokataza majimbo kutumia fedha hizo kufidia punguzo la kodi. Sacramento ikasita, ikiogopa kunyang'anywa mabilioni. Aprili Wizara ya Fedha ya Marekani ikafafanua kwamba kufuata tu sheria ya kodi ya taifa si kosa. Gavana Gavin Newsom akasaini muswada AB 80 mwishoni mwa mwezi huo, lakini kutoa gharama kuliruhusiwa kwa biashara zilizopoteza angalau asilimia 25 ya mauzo katika robo moja ya mwaka, na kampuni zilizo kwenye soko la hisa zikaachwa nje.

Hata Texas, isiyo na kodi ya mapato ya mtu binafsi, ilibidi ipitishe sheria, kwa kuwa ina kodi yake ya kampuni.

Minnesota ndiko kulikovuta kamba zaidi. Seneti ilikuwa ya Republican, Baraza la Wawakilishi la Democratic. Republican walitaka msamaha wote, wakitaja ziada ya bajeti ya dola bilioni 1.6 iliyokadiriwa Februari. Democratic walitaka ukomo wa dola 350,000, wakisema huo ungetosha biashara ndogo. Siku ya mwisho ya kuwasilisha hesabu za kodi, Mei 17, ikapita bila muafaka.

Gavana Tim Walz alisaini msamaha kamili Julai 1, pamoja na nafuu kwa waliopokea mafao ya kukosa kazi. Wengi walikuwa wameshawasilisha hesabu na kulipa. Idara ya mapato ya jimbo ikalazimika kupitia upya fomu za mamia ya maelfu ya walipa kodi, ikianza Septemba, huku baadhi ya wenye biashara wakitakiwa kujaza fomu upya wenyewe ili warudishiwe chao.