Kilichovuka Bila Kuandikwa

Mwaka 1776 mfanyabiashara wa Kifaransa, Jean-Vincent Morice, alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka. Bei ya kila mtu iliandikwa, majina ya watu hayakuandikwa. Wengi wa walionunuliwa na Wafaransa katika pwani yetu walipelekwa kwenye mashamba ya Mauritius na Réunion. Wengine, hasa kutoka Msumbiji, walizungushwa Rasi ya Tumaini Jema hadi Saint-Domingue, koloni la sukari ambalo mwaka 1804 lilijitangazia uhuru kwa jina la Haiti.

Ninaposoma historia ya utumwa hukwama hapohapo: tunajua idadi na bei, hatujui watu. Ndiyo maana ulinivuta utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2009, ambao chanzo chake si daftari la meli bali damu ya wajawazito 7,147 wa Haiti.

Watafiti walikuwa wanachunguza kirusi cha homa ya ini aina B. Vinasaba vyake ni vifupi, kama herufi 3,200 tu, na kila kinapojinakili hukosea herufi moja hapa na nyingine pale. Makosa hayo hurithiwa. Kwa karne nyingi yamezaa makundi yanayopewa herufi A hadi J, na kila kundi lina maeneo yake duniani. Mtoto anayeambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa mara nyingi hubaki na kirusi maisha yake yote, kisha huweza kukipitisha kwa wengine. Kirusi husafiri na ukoo, hata ukoo uliopokonywa jina na lugha.

Kati ya maambukizi yaliyopatikana Haiti, asilimia 44 yalikuwa ya tawi la A1, ambalo leo huonekana zaidi mashariki mwa Afrika. Asilimia 20 yalikuwa ya tawi adimu la A5, lililokuwa limeonekana tu kwenye eneo la Ghuba ya Benin, moja ya masoko makubwa ya watumwa.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki akiona A1 atatamani kusema: hawa ni watu wetu, hii ndiyo alama ya Kilwa. Natamani hivyo pia, lakini ushahidi hauruhusu haraka hiyo. Wengi wa mababu wa Wahaiti walitolewa Afrika Magharibi na upande wa Kongo na Angola. Huenda zamani A1 ilikuwako huko pia, kabla ramani haijabadilika.

Na ramani ilibadilika kweli. Leo kundi linalotawala kuanzia Senegal hadi Angola ni E. Kama lingekuwa limeenea hivyo wakati wa merikebu za watumwa, lingejaa Haiti. Lakini Haiti ni nadra. Tena virusi vya E vinafanana mno vyenyewe kwa vyenyewe, dalili kwamba havijapata muda mrefu wa kutofautiana. Watafiti walihitimisha kwamba E ilienea baada ya biashara ile kukoma.

Ilieneaje upesi hivyo? Watafiti hao wanashuku sindano zisizo salama. Katika karne ya 20 serikali za kikoloni ziliendesha kampeni kubwa dhidi ya malale na buba, na sindano moja iliweza kupita mikono mingi. Shaka hiyo si ya bure. Nchini Misri, kampeni za sindano dhidi ya kichocho, zilizoendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, zinatajwa kuwa chanzo kikuu cha kuenea kwa homa ya ini aina C. Watu walinyoosha mkono wapate dawa, wakaondoka na ugonjwa mwingine.

Kwa hiyo ndani ya damu mna historia mbili za Afrika, ya waliochukuliwa na ya waliobaki. Hakuna kati yao aliyeulizwa. Lakini nasita kukiita kirusi hiki hazina ya kumbukumbu. Hakitaji kijiji wala jina la mtu, na wanaokihifadhi hulipa kwa ini lao, kwa makovu na saratani.

Chanjo ipo tangu miaka ya 1980, na Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtoto aipate ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Mtoto anayechanjwa mapema hivyo ana nafasi kubwa ya kutorithi kirusi cha mama yake. Wakichanjwa wote, wanahistoria tutapoteza chanzo kimoja cha thamani. Naona tukipoteze, tena haraka.