Lenzi, Kihisi na Ushahidi: Picha Mnato na Picha za Video katika Historia ya Njia ya Misafara, kutoka Igalula hadi Kwihara

Igalula ni kituo cha Reli ya Kati, kusini-mashariki mwa mji wa Tabora, katika Wilaya ya Uyui. Ukanda huu ndio uliokuwa hatua za mwisho za njia ya misafara kabla ya kuingia Unyanyembe: wapagazi waliotoka Bagamoyo walipita Tura, Rubuga na Kigwa, kisha wakatua mizigo yao Kazeh au Kwihara. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mabehewa yalichukua kazi ya mabega, na njia ya miguu ikaanza kumezwa na mashamba na miombo. Mtafiti anayeitafuta leo ana mabaki machache ya kushika: safu za miembe, misingi ya matembe, masimulizi ya wazee, na picha. Insha hii inahusu hayo ya mwisho.

Hoja yenyewe ni finyu, lakini ina uzito. Imezoeleka kuchomoa fremu moja kutoka katika mkanda wa video, kuichapa kando ya picha mnato, na kuzisoma zote mbili kama mashahidi wa aina moja. Insha hii inadai kwamba si wa aina moja, na kwamba tofauti yao inaanzia katika kioo cha lenzi na katika eneo dogo linalopokea mwanga, kabla hata ya kuuliza nani alishika kamera na kwa nia gani.

Chombo kimeamua mambo katika njia hii tangu mwanzo. Mwaka 1860 James Augustus Grant alipiga picha Unguja akiwa katika msafara wa Speke. Picha za wakati ule zilitaka sahani ya kioo ipakwe dawa, ipigwe na isafishwe ingali mbichi, ndani ya hema lenye giza. Joto la hema hilo lilimfanya Speke aone kwamba mwenzake angekufa kwa kazi hiyo, akairudisha kamera pwani. Grant akaendelea na safari kwa kuchora kwa mkono. Basi msafara huo uliingia Unyanyembe bila kamera. Pengo hilo la picha halikutokana na kukosa hamu ya kupiga. Lilitokana na kemia.

Wajerumani walipojenga reli, sahani kavu zilikuwa zimekwisha kulitatua tatizo hilo. Ukubwa mmoja uliokuwa wa kawaida ni sentimita 13 kwa 18, yaani milimita za mraba 23,400 za eneo linalopokea mwanga. Fremu ya filamu ya milimita 35, iliyotawala picha mnato katika karne ya ishirini, ina milimita 36 kwa 24, yaani milimita za mraba 864. Kihisi cha theluthi ya inchi, kilichotumika katika kamera nyingi za video za kiwango cha kati tangu Sony VX1000 ya mwaka 1995, kina takriban milimita 4.8 kwa 3.6, ambazo hazifiki milimita za mraba 18. Kwa hiyo eneo la filamu ya 35 ni mara hamsini ya eneo la kihisi hicho, na sahani ya Mjerumani ni zaidi ya mara elfu moja na mia tatu. Anayedhani kwamba ushahidi wa picha umezidi kuwa bora kadiri miaka ilivyosonga anapaswa kuanza na hesabu hiyo. Kwa upande wa maelezo madogomadogo, kama vile matofali, maandishi ya ubao wa kituo au kigingi kilicho mbali, picha ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza inaweza kuizidi kwa mbali ile ya miaka ya tisini.

Fremu ya video ya mfumo wa PAL ina pikseli 720 kwa 576, jumla yake 414,720. Huo ni uchache ambao hauongezeki kwa kuikuza picha. Kuna kosa jingine baya zaidi, kwa sababu halionekani kwa macho: pikseli hizo si za mraba. Fremu ikifunguliwa katika programu isiyolijua jambo hilo, picha hubanwa kwa upana kwa asilimia 6 hadi 8 hivi. Anayekadiria uwiano wa ukuta wa tembe kwa kupima fremu kama hiyo ataandika ukuta mfupi kuliko ulivyo, na kama ukuta wenyewe umekwisha kusombwa na mvua, hakuna wa kumsahihisha. Tena, fremu hiyo imefumwa kwa nusu mbili zilizonaswa kwa tofauti ya sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Treni inayopita Igalula kwa kilomita 50 kwa saa husogea karibu sentimita 28 katika muda huo. Kingo za behewa hutoka kama meno ya kitana, na namba iliyoandikwa ubavuni huenda isisomeke kabisa.

Upande wa lenzi, mizani haielemei upande mmoja hivyo. Kihisi kidogo hutaka urefu mfupi wa fokasi: lenzi ya milimita 6 mbele ya kihisi cha theluthi ya inchi huona karibu kama lenzi ya milimita 43 mbele ya filamu ya 35. Matokeo yake ya kwanza ni kwamba vitu vya karibu na vya mbali huonekana wazi kwa pamoja. Mzee anayehojiwa mbele ya nyumba yake hubaki na mwembe wake, kisima chake na njia yake nyuma ya bega, ilhali picha mnato iliyopigwa kwa tundu pana la lenzi ingeviyeyusha vyote ili kuupamba uso. Kwa mwanahistoria wa mandhari, kile ambacho wapiga picha hukiita ubovu ni neema.

Matokeo ya pili ni mtego. Lenzi ya video huvuta mara kumi, kumi na mbili, hata ishirini. Opereta akisimama mbali na kuvuta, miembe iliyoachana kwa makumi ya mita huonekana imeshikana kama ua. Ni umbali wa kusimama unaoleta hali hiyo, wala si kamera ya video peke yake. Ila kamera hiyo ndiyo iliyofanya iwe rahisi kwa kidole kimoja. Mkanda wa MiniDV huhifadhi tarehe na saa. Urefu wa fokasi kwa kawaida haumo. Faili la kamera mnato ya kidijitali huuandika. Kwa hiyo dai la kuwapo kwa safu ya miembe yenye nafasi sawa, ambalo ni dai zito kwa anayechora njia ya misafara, lisijengwe juu ya fremu iliyovutwa.

Hata hivyo, mwandishi wa insha hii hakubaliani na wanaoitupa video kwa sababu hizo. Chukua tembe la Kwihara, ambako Livingstone alikaa hadi Agosti 1872 akingoja wapagazi: nyumba ya paa bapa, yenye vyumba vilivyozunguka ua. Ndani ya chumba, lenzi ya milimita 6 haiumezi ukuta mzima. Opereta analazimika kuizungusha kamera, kisha kutembea nayo. Mlangoni jua hugeuka weupe mtupu, kwa kuwa kihisi hakiwezi kulibeba giza la chumba na mwanga wa ua kwa wakati mmoja. Filamu ya negativu ingevumilia zaidi. Lakini mzunguko huo na hatua hizo huhifadhi kitu ambacho picha mnato kumi nzuri haziwezi kukithibitisha: mpangilio. Chumba kipi kinafuata kipi, mlango upi unaelekea wapi, sauti inabadilika wapi. Udhaifu wa lenzi umezaa ushahidi wa mwendo, na njia ya misafara ni historia ya mwendo.

Tangu mwaka 2008, Nikon D90 na Canon 5D Mark II zilipoanza kurekodi video, mpaka huu umevurugika. Kihisi cha Canon hiyo ni kikubwa kama fremu ya filamu ya 35 na hutoa picha mnato ya pikseli milioni 21. Kikirekodi video hutoa takriban milioni 2 tu, tena kwa kuruka mistari, hata mabati ya paa yakatoa mawimbi ya rangi ambayo hayapo. Kamera ileile, lenzi ileile, mashahidi wawili.

Suala hili halingoji. Njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu imo katika orodha ya awali ya Tanzania kwa ajili ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006, na Kwihara ni mojawapo ya vituo vyake. Wakati huohuo ujenzi wa reli ya SGR, kipande cha Makutupora hadi Tabora, unapita katika ukanda huohuo wa Reli ya Kati. Mikanda ya miaka ya tisini na elfu mbili huenda ikawa kumbukumbu pekee ya baadhi ya sehemu kabla ya kufukuliwa, na mashine za kuichezea hazitengenezwi tena. Kwa hiyo tasnifu hii inainukuu video kwa mfuatano, ikitaja saa ya mkanda ya mwanzo na ya mwisho, na haitumii fremu iliyochomolewa kupimia kitu. Vipimo vyote vya kuta na vya nafasi za miembe katika sura zinazofuata vimechukuliwa kwa futi kamba, au kutoka katika picha mnato ambazo urefu wao wa fokasi unajulikana.