Mlango Ukikaza Msimu wa Mvua: Punguza Mbao Bila Kuharibu Chumba

Mvua za vuli, Oktoba hadi Disemba, ndizo wakulima wa Kitui na Makueni huzitegemea zaidi. Ndizo pia zinazokaza milango. Mlango uliokuwa ukifungwa kwa kidole sasa wasukumwa kwa bega, na droo ya kabati haivutiki. Ndugu zetu wa Pwani wanaoishi huko kwa kazi au biashara huona tatizo hili kila mwaka, na wengi humwita fundi papo hapo. Randa inapita, mlango unafunga. Ikifika Agosti, ubavuni kuna upenyo wa kupitisha mjusi, na rangi ya ukuta imebanduka. Kwa aliyepanga, hasara hiyo hukatwa kwenye dipoziti.

Kwa nini mbao hukaza

Mbao hunywa unyevu wa hewa, kisha huutoa. Ikinywa hutanuka kwa upana. Urefu haubadiliki sana. Mlango uliozoea hewa ya Mombasa ukipelekwa Kibwezi au Mtito Andei wakati wa kiangazi, husinyaa. Uliotengenezwa Kitui, hata kwa mukau, mti wa Ukambani ambao KEFRI inauendeleza kwenye kituo chake cha Kitui, ukiletwa Lamu hutanuka. Ndani ya Makueni kwenyewe, vilima vya Mbooni na Kilungu vina baridi na unyevu kuliko Kibwezi. Kwa hivyo mbao iliyotoka mbali iacheni ikae chumbani wiki kadhaa kabla ya kupimwa na kufungwa.

Kabla ya kushika randa

Funga mlango, kisha pitisha karatasi kuzunguka ukingo wote. Inapokwama ndipo panapobana. Weka alama kwa penseli.

Tazama bawaba. Ikiwa mlango wabana juu upande wa kitasa, na upande wa bawaba ya juu kuna nafasi, mlango umelala. Kaza skrubu, au badilisha kwa ndefu zaidi. Mara nyingi kazi huishia hapo.

Ikiwa bawaba ni nzima na mvua zinaendelea, paka ukingo nta ya mshumaa na usubiri Juni, mvua za masika zikishapita. Ukikauka na bado wabana, hapo punguza.

Kupunguza

1. Ng'oa mlango au droo uifanyie kazi nje. Vumbi la mbao likiingia kwenye zulia na mapazia halitoki upesi.

2. Acha nafasi ya milimita 2 au 3 pembeni. Chini, pima kutoka juu ya vigae au zulia, si kutoka sakafu ya zamani.

3. Bandika tepu ya karatasi kwenye mstari wa kukatia, kisha chora kwa kisu kikali, ili vanishi isichanike. Kwa msumeno wa mkono, uso mzuri uwe juu. Kwa msumeno wa umeme wa duara, uso mzuri uwe chini, kwa sababu meno yake hukata yakipanda.

4. Ukipiga randa juu au chini ya mlango, anza pembeni ukielekea katikati. Ukimalizia nje, pembe hupasuka.

5. Mlango wa plaiwudi una uwazi ndani. Ukikata kupita kiunzi cha ukingoni, umeharibu mlango mzima.

Kabati la ukutani na skatingi

Hapa ndipo rangi ya ukuta huponea au hupotea. Rangi huwa imeshikanisha mbao na ukuta, na ukivuta hivi hivi plasta nayo hutoka. Kata kwanza kiungo hicho kwa kisu, kisha bandua polepole, ukiweka kipande cha mbao kati ya chuma na ukuta. Ikiwa haing'oki, funika ukuta kwa tepu na sakafu kwa turubai, halafu tumia msasa uliozungushiwa kibao.

Usimwache fundi aondoke

Ukingo uliokatwa ni mbao tupu. Upakwe vanishi au rangi siku hiyo hiyo, chini ya mlango pia, mahali mafundi wengi huparuka kwa kuwa hapaonekani. Usipopakwa, mvua ijayo utakunywa maji na kukaza upya, nawe utalipa mara ya pili. Mbao iliyokatwa hairudi. Iliyosubiri msimu mmoja haikugharimu chochote.